Tupeane uzoefu: kabla hujabeba shanta ukapotelea ughaibuni miezi, nini kilikutoa jasho?

Mtoto wa Eastlands
Wadau, jana pale Accra Road nimemwona kijana ana shanta refu kuliko kichwa chake, anauliza basi la Kampala. Nikakumbuka nilivyohangaika kabla ya kuacha kazi nikazunguke Asia. Watu hudhani shughuli ni kununua begi. Wapi! Shughuli ni karatasi: pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele, taarifa za benki, na tiketi ya kutoka nchi ambayo hata hujaingia. Nilianzia Malaysia kwa sababu Mkenya haombwi viza kwa matembezi mafupi. Nyie je?

Chumvi Kidogo
Tiketi ya kutoka! Usinikumbushe.

Fundi Saa
Chanjeni homa ya manjano mapema. Kadi haitambuliki mpaka siku 10 zipite tangu sindano. Na msisahau kuifanya upya kila miaka 10.

Bi Mpole
Hiyo ya miaka 10 ilishafutwa, kaka. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata zile za zamani.

Fundi Saa
Mwambie afisa wa mpakani, si mimi.

Nyota ya Kiambu
Yenu madogo. Mimi vita vilikuwa nyumbani. Njia nilishaipanga: basi hadi Dar, treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, kisha niteremke hadi Livingstone nione maporomoko, nipite Namibia, nimalizie Cape Town. Afrika Kusini tunaingia bila viza tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka, kwa hivyo sikuona tatizo. Nikamwambia mama Jumapili baada ya chakula. Hakujibu. Akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata zamani.

Jioni simu zikaanza. Jumamosi iliyofuata baba mdogo ameshaitisha kikao, wajomba wamejaa kwenye makochi, na mwenyekiti wa chama cha akiba cha mama yupo, sijui kama shahidi wa nini. "Nani anakupeleka?" Hakuna. "Wakala wako ni nani?" Sina. "Mshahara ni ngapi?" Hakuna mshahara, baba, naenda kutembea tu. Wakatazamana. Kwao msichana anayeondoka na begi bila mwenyeji huko aendako ameshauzwa Uarabuni na hajui. Nikafungua ramani kwenye simu, nikawaonyesha treni inavyovuka mpaka pale Tunduma. Baba mdogo akavaa miwani, akauliza kama Tunduma iko karibu na Saudia.

Nikaenda chumbani nilete pasipoti waone wenyewe haina viza ya Uarabuni. Droo tupu. Nikapindua godoro, nikamwaga viatu. Mama yuko mlangoni ananiambia labda panya. Na tiketi ya basi nilikuwa nimeshalipia!

Ngojeni nishuke matatu, naendelea.

Chumvi Kidogo
Dada, usitufanyie hivyo!

Otero wa Lang'ata
Ni mama. Huwa ni mama.

Mzee wa Longonot
Tukimngoja: begi la lita 40 linatosha. Tafuta soko la mitumba la Gikomba asubuhi belo likifunguliwa, kagua zipu na mkanda wa kiunoni, maana huo ndio unaobeba mzigo, si mabega. Kisha lijaze kila kitu na upande nalo mlima Longonot. Ukifika ukingoni utajua mwenyewe cha kutoa.

Kabati Zima
Lita 40 kwa mwaka mzima? Ukiwa Ulaya Januari utavaa nini, mzee wangu, ramani?

Mzee wa Longonot
Ulaya utakaa mwaka kwa viza gani? Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya matembezi ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na bima wanataka isiyopungua euro 30,000. Kabla hujafika kwenye koti wameshakurudisha Ngong Road.

Kabati Zima
Nimesema koti, sijaomba wakili.

Otero wa Lang'ata
Mnajisumbua. Anzeni na majirani, kitambulisho tu mfukoni mpaka Dar.

Bi Mpole
Mpaka Dar? Kitambulisho ni Uganda na Rwanda. Jaribu mpaka wa Namanga nacho uone kama hutalala Kajiado.

Otero wa Lang'ata
Sawa, mwalimu.

Nyota ya Kiambu
Nimerudi. Si mama. Ni shosho, nyanya yangu! Aliifunga kwenye leso, akaizika ndani ya debe la unga. Mpaka leo ukurasa wa picha una unga kwenye mshono. Nilipomuuliza akasema hana ugomvi na safari, alitaka mtu amwambie nitarudi lini, na katika watu wote wale waliokuja kupiga kelele hakuna aliyeuliza. Nikamtajia mwezi. Akafungua leso pale pale mbele ya wajomba. Masharti: kila mpaka nimtumie picha, na nisivae kaptula kwenye hizo picha. Baba mdogo akanichangia nauli, kisha akaninong'oneza nikifika Saudia nimpigie.

Chumvi Kidogo
Nimecheka mpaka bosi amegeuka.

Kabati Zima
Hii imetiwa nazi kidogo. Debe la unga?

Nyota ya Kiambu
Njoo Kiambu nikuonyeshe debe.

Mtoto wa Eastlands
Tusisahau pesa. Nani ametumia ile kadi ya M-Pesa GlobalPay?

Fundi Saa
Inalipa hosteli na tiketi mtandaoni vizuri. Lakini ni kadi ya kwenye simu, huna cha kuchomeka kwenye ATM. Beba na dola, noti mpya zisizo na mkunjo. Zile za zamani wengi huku kwetu Afrika huzikataa.

Otero wa Lang'ata
Uziweke kwenye soksi.

Bi Mpole
Soksi ndipo wanapoanzia.

Mzee wa Longonot
Weka kwenye debe la unga.