Ukarabati wa chumba cha kulala kwa mikono yetu, nyumba ya zamani Moshi: tuanzie wapi?

Mke wa Majengo (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tumehamia nyumba ya baba mkwe hapa Moshi, Majengo. Ni nyumba ya miaka ya 1970, tofali za kuchoma, paa la bati. Chumba cha kulala tumeamua tukikarabati wenyewe Jumamosi na Jumapili, fundi tumwite pale panapolazimu tu.

Chumba ni futi 12 kwa 13, kwenda juu mita 2.7. Ukuta wa nyuma rangi inabanduka na lipu inamomonyoka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na kuna unga mweupe wa chumvichumvi. Siling bodi zimeshuka katikati, kona moja ina madoa ya kahawia. Sakafu ni ile nyekundu ya saruji, ina nyufa. Soketi ni moja na waya ni zile nyeusi za kizamani.

Mpango wetu: juu jipsam, ukuta mbovu tuufunike kwa paneli za PVC, kuta nyingine skimu (lipu nyembamba ya kulainisha) na rangi, chini tailizi. Paneli ndizo tunataka kuanza nazo, maana mume wangu keshazipata kwa bei nzuri. Naomba ushauri: kipi kitangulie, vifaa kiasi gani, na kipi tusikiguse? Kejeli hapana jamani.

Mwiko wa Njoro

Dada, kama risiti bado ipo hizo paneli zirudishwe. Ukuta wenye maji ukiufunika haukauki, unaendelea kunywa kwa siri. Mbao za kushikia paneli zinaoza, ukungu unaota nyuma, na kwa Moshi hii mchwa watafuata harufu ya mbao mbichi kabla hujajua. Utakuja kugundua kwa harufu kwenye nguo.

Kabla ya kununua chochote nijibu haya. Nje ya huo ukuta kuna nini, udongo au zege, na usawa wake ukoje ukilinganisha na sakafu ya ndani? Gata lipo? Upande wa pili kuna bafu au bomba linapita?

Halafu fanyeni kipimo hiki. Kwangueni rangi legelege, futeni vumbi, bandikeni kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, pande zote nne zizibwe kwa gundi ya utepe, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, hiyo ni hewa ya ndani inagandia ukuta wa baridi. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Kipande kingine kama hicho wekeni sakafuni.

Kofia Ngumu

Kabla hamjagonga siling nyundo, angalieni imetengenezwa kwa nini. Nyumba za umri huo zina bodi za aina mbalimbali. Ile laini ya kahawia, nyepesi, inayobonyea kwa kidole, ni ya nyuzi za mbao, haina neno. Ikiwa ngumu, ya kijivu, ikigongwa inalia kikavu, ichukulieni ni asbesto hadi ithibitike vinginevyo. Hiyo haikatwi, haitobolewi, haivunjwi. Nyuzi zake zikivutwa zinakaa kwenye mapafu na madhara yake huja baada ya miaka mingi, ikiwamo saratani. Bodi nzima isiyomeguka ni salama zaidi ikiachwa ilipo na siling mpya ikafungwa chini yake. Ikibidi itoke, waulizeni NEMC (baraza la mazingira) utaratibu wa kuitupa, msiipeleke dampo na takataka nyingine.

Mke wa Majengo

Asanteni. Bodi ni laini ya kahawia, kidole kinazama. Nje ya ukuta kuna uwanja wa zege uliomwagwa miaka ya karibuni, umefika usawa mmoja na sakafu ya ndani, nadhani umezidi kidogo. Gata hakuna. Bafu liko mbali. Nailoni tumetoa leo: ya ukutani imelowa kwa nyuma, ya sakafuni imelowa kidogo upande ule ule wa nyuma tu.

Mwiko wa Njoro

Basi ugonjwa tumeujua. Nyumba nyingi za wakati huo hazina nailoni wala lami kati ya msingi na ukuta, au ilikuwepo imekufa. Hata hivyo ziliishi vizuri kwa sababu sakafu ilikuwa juu ya uwanja na maji yalidondoka mbali. Aliyemwaga hilo zege aliupa ukuta beseni la kukalia. Mvua inadondoka toka kwenye bati, inarukia ukuta, nyingine inazama pembeni, na tofali ya kuchoma inaivuta kwenda juu. Maji yakifika juu yanakauka na kuacha chumvi, chumvi ikijikusanya ndiyo inayosukuma rangi na lipu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko nje. Kateni zege kwa grenda sentimita 50 hadi 60 kutoka ukutani, toeni, chimbeni hadi usawa uwe sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Msichimbe kupita kitako cha msingi. Mfereji huo jazeni kokoto safi na uwe na njia ya kutolea maji, la sivyo mmechimba bwawa. Uwanja uliobaki ushuke kwenda mbali na nyumba, sentimita 2.5 kwa kila mita. Gata ifungwe, na bomba lake lisiishie kwenye kona ya nyumba.

Ndani, bomoeni lipu hadi sentimita 30 juu ya pale alama ya unyevu inapoishia. Kwenu hiyo ni mita 1.3 hivi kwa urefu wote wa ukuta, karibu mita 5 za mraba. Viungo vya tofali vichimbuliwe kwa tindo sentimita 1. Chumvi ifagieni kwa brashi ngumu ikiwa kavu, muizoe, muitoe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Kisha mwache ukuta uchi. Hapo ndipo wengi wanashindwa. Makadirio ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na ukuta wa inchi 9 hauwezi kumaliza kukauka kwa wiki tatu hata mfungue madirisha yote. Kazi zenu nyingine zipangeni ndani ya muda huo wa kusubiri.

Zege Kavu

Mkuu Mwiko unawachosha watu. Dawa ya kuzuia maji ichanganywe kwenye saruji moja kwa mchanga tatu, ipigwe lipu, kazi imeisha wiki hiyo hiyo. Miezi yote hiyo watu walale wapi?

Mwiko wa Njoro

@Zege Kavu hiyo lipu ngumu inafaa kwenye tangi. Kwenye ukuta unaovuta maji kutoka chini, maji hayawezi kutoka mbele, yanapanda. Leo yanaishia kiunoni, mwakani yatatokea juu ya lipu yako mpya, usawa wa kifua, na kipande kikibanduka kinaondoka na uso wa tofali.

Mimi napendekeza saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Ni laini kuliko tofali, inapitisha mvuke, na inakuruhusu kufunga ukuta kabla haujakauka hadi moyoni. Kwa mita 5 za mraba na unene wa milimita 15: saruji kilo 18 hadi 20, chokaa ya ujenzi lita 12 au 13, mchanga uliochekechwa ndoo nne za lita 20. Pigeni tabaka mbili. La kwanza mlikwaruze likiwa bado bichi ili la pili lishike. Lowesheni ukuta kidogo kabla ya kupiga, na lipu msiifikishe sakafuni, acheni nafasi ya sentimita 2 mtakayoificha kwa ubao wa pembeni. Vaeni glovu na miwani, chokaa inaunguza macho.

Mchanga pia muukague. Jazeni mchanga nusu ya chupa inayoonyesha ndani, ongezeni maji, tikiseni, iacheni itulie saa kadhaa. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu moja ya kumi, huo rudisheni kwa mwenye lori.

Kenchi

Niingie kwenye siling. Madoa ya kahawia maana yake bati linavuja, na jipsam ikilowa mara moja imekwisha. Fungueni bodi ile ya kona kwanza, mchana jua likiwa kali, mtazame kwa ndani. Vitone vya mwanga ndiyo matundu. Mara nyingi ni misumari iliyoinuka, au iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo. Ng'oeni, wekeni skurubu nene zaidi yenye mpira. Bati lililoliwa na kutu libadilishwe, halizibiki. Anayepanda juu akanyage kwenye mistari ya misumari tu, huko ndiko kuna mbao.

Kushusha bodi za zamani: toeni vitu vyote chumbani, zibeni mlango kwa nailoni, vaeni barakoa ya N95 na miwani. Juu kuna vumbi, mavi ya panya, pengine na ya popo. Yanyunyizieni maji kabla ya kuyagusa, msifagie makavu.

Vipimo vyenu vimekaa vizuri. Sheet ya jipsam ya futi 4 kwa 8, unene milimita 9, ina karibu kilo 20, kwa hiyo mbao za zamani zilizoachana futi mbili zitafanya ibonyee. Fungeni mbao za 2x2 (inchi 2 kwa 2) kila inchi 16 zikielekea upande wa futi 13: mistari kumi, na sheet zilale kuzikatiza. Inchi 16 mara sita ni futi 8 kamili, kichwa cha sheet kinadondokea katikati ya mbao. Pamoja na vipande vya kati, nunueni mbao 15 za futi 12, zilizotiwa dawa. Hesabu ya karatasi inatoa sheet tano, ila kuta za zamani hazina kona sawa, chukueni sita. Skurubu nyeusi za milimita 32 zitoshe 300, kila sentimita 20. Kichwa kizame kidogo bila kuchana karatasi, kikichana hakishiki kitu. Viungo vya sheet vipishane.

Kunyanyua sheet kwa watu wawili: tengenezeni mti wa herufi T kwa 2x2, urefu wake uzidi siling kwa sentimita 2, mmoja akandamize, mwingine afunge.

Nyaya Tatu

Umeme usisubiri rangi. Waya nyeusi zenye mpira uliokauka hukatika ganda ukizikunja, na za wakati huo nyingi hazina waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini). Ninyi chimbeni mifereji ya ukutani, wima kutoka kwenye soketi kwenda juu, kina cha bomba la milimita 20 pamoja na lipu ya kufunika. Kuvuta waya na kuunganisha mwachieni fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji). Mwambieni: soketi waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5, kila mkondo na breka yake, na apime ethi ya nyumba nzima, maana soketi mpya yenye matundu matatu bila ethi inadanganya macho tu. Ukuta wa nyuma msiweke soketi hata moja kwa sasa.

Na kabla ya kubomoa lipu karibu na soketi ya zamani, zimeni meini swichi. Swichi ya ukutani haitoshi.

Mke wa Majengo

Jamani, mbona hamjagusa rangi na tailizi? Mume wangu anasoma uzi huu kimyakimya, paneli amekubali kuzirudisha.

Brashi Nne

Mangi (mumeo) kaelewa, safi.

Kuta tatu nzuri: pitisheni kiganja. Kikitoka na unga, kuna rangi ya chokaa ya zamani, ikwanguliwe, vinginevyo skimu itabanduka nayo vipande. Fremu na mlango wenye rangi ya mafuta ya zamani usisuguliwe mkavu, inaweza kuwa na madini ya risasi. Tumieni msasa wa maji na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ukitoa milango na madirisha, kuta zote zina kama mita 36 za mraba. Rangi ya maji lita moja hupaka mita 10 hivi, koti mbili ni lita 7 na kitu, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4. Siling kopo moja. Ukuta wenye lipu mpya usubiri wiki nne, halafu upakwe rangi ya maji isiyong'aa, koti la kwanza lizimuliwe. Rangi za kung'aa au za mafuta hapo ni paneli nyingine tu.

Tailizi zisubiri. Sakafu imelowa upande wa nyuma, pimeni tena kwa nailoni miezi michache baada ya kazi ya nje. Ikitoka kavu: za sentimita 40 kwa 40 ni 91 hivi, ongezeni 10 za kuvunjika, gundi mifuko minne ya kilo 20. Nta yote ya polishi itolewe na sakafu ikwaruzwe kwa tindo ili gundi ishike. Mlango utakatwa chini kama milimita 15.

Binafsi ningeibakiza hiyo nyekundu. Gongeni kwa sarafu, pasipolia tupu ni pazima. Ufa upanueni hadi sentimita 1, usafishwe, ulowe, ujazwe saruji 1 kwa mchanga laini 3, na unga wa rangi nyekundu usiozidi asilimia 10 ya uzito wa saruji, ukizidi kiraka kinakuwa dhaifu. Kifunikeni na mkinyeshee siku tatu, kisha polishi.

Mke wa Majengo

Ya mwisho: tukianza nje mwezi wa sita baada ya masika, kitanda na kabati virudi lini?

Mwiko wa Njoro

Juni chimbeni nje na mbomoe lipu. Julai na Agosti bati, umeme, siling na kuta nyingine, ukuta ukipigwa upepo. Septemba lipu, Oktoba rangi kabla vuli haijakolea. Kitanda kinaweza kurudi Agosti kikikaa upande wa mlango. Kabati liende ukuta wa ndani, na hata huko liache sentimita 5 nyuma. Vile vitundu vya hewa juu ya madirisha msivizibe kwa sababu ya baridi ya Julai, wekeni wavu wa mbu.