Mrejesho: kile kisu cha kukunja kilichoganda

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kufungua kisu cha kukunja cha kizamani, mpini wa mfupa, mabapa mawili yote yameganda kwa kutu, na jinsi ya kujua umri wake.

Nilishika ushauri wa mafuta ya cherehani: tone kwenye maungio asubuhi na jioni, bila kulazimisha. Siku ya nne bapa kubwa likalia "tik", likafunguka! Msasa sikuugusa, na aliyenikataza abarikiwe. Ila mafuta yakizidi yanaingia kwenye mfupa. Wangu umebaki na doa.

Chini ya uchafu, pale bapa linapoingia kwenye mpini, ikatokea nyota na msalaba, kisha "Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, England", yaani alama na jina la watengenezaji visu wa mji wa Sheffield, Uingereza. Kwa hilo neno England, kama mlivyosema, yaelekea ni cha baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Na mimi nilivyokuwa nakitangaza cha 1850!

Bapa dogo limenishinda. Subira iliniisha, nikalivuta kwa koleo, ncha ikakatika. Nimeliacha hivyo hivyo. Ahsanteni sana.