Jibu: Pengwini wa Punta Arenas, siku ya mwisho ya safari?

Salaam aleikum jamaa,

Kaka wa Calgary, umeuliza kama inafaa kuwapeleka watoto Isla Magdalena, kile kisiwa cha pengwini karibu na Punta Arenas, kusini mwa Chile, siku ile ile ya kurudi nyumbani. Haifai. Sisi tulipanga hivyo hivyo Desemba, tukaumia. Asubuhi upepo unapokonya watu kofia, safari ikavunjwa, na wakala aliyetuuzia tiketi akatuambia turudi kesho. Kesho ipi, na ndege ni saa tisa alasiri? Tukabadilisha tiketi za ndege za watu wanne, deni lake nalilipa mpaka leo. Mkifika Punta Arenas tu, wekeni pengwini siku ya kwanza, mkikosa leo mna kesho na keshokutwa.

Kuna feri inayotoka gati la Tres Puentes, mwendo wa kama saa mbili kwenda na mbili kurudi. Kuna na boti ndogo za kasi, hizo hupitia pia kisiwa cha Isla Marta mkatazama simba wa baharini bila kushuka. Mimi mtoto wa Lamu, nimepanda mashua kabla sijajua kusoma, nikaona dawa ya kichefuchefu ni ya watu wa bara. Hata nusu saa haijaisha moyo umeshachafuka, nimekumbatia mfuko wa plastiki, wanangu wananipiga picha. Dawa imezwe kabla ya kupanda. Na msifikirie feri ya Likoni, hii ni bahari hasa.

Kisiwani mnapewa kama saa moja. Njia imezungushiwa kamba, inapanda mpaka kwenye mnara wa taa wa mwaka 1902, na hamtoki nje ya kamba. Pengwini akitaka kuvuka mnasimama, maana mmekwenda kwake. Mmoja alituzuia na jani kavu mdomoni, akakitazama kiatu cha binti yangu kwa jicho la kushoto, akageuza kichwa akakitazama kwa la kulia, ndipo akaenda zake shimoni. Wanachimba mashimo ardhini na kutagia humo. Na kelele zao, wallahi, fumba macho uko Lamu, punda wanalia uchochoroni! Harufu sisemi. Viatu nimeviosha mara tatu.

Vaeni koti lisilopitisha upepo, mwavuli uacheni nyumbani. Na Desemba huko Magharibi inaingia saa nne usiku, kwa hiyo chakula cha jioni msikiweke baada ya swala, watoto watalala na njaa.

Dada yenu, Toronto

----

Dada, shukran sana, na pole kwa tiketi. Nimeona picha za wale wakubwa wenye rangi ya chungwa shingoni, nao wako hapo hapo? Na tukienda Julai, shule zikifungwa?

----

Kaka, wale ni pengwini mfalme, wako Bahía Inútil, ng'ambo, kwenye kisiwa cha Tierra del Fuego. Mnavuka kwa feri mpaka mji wa Porvenir, kisha gari zaidi ya kilomita 100, na mnawaangalia kwa mbali. Hiyo ni siku nzima, watoto wadogo watakuchosha.

Julai usithubutu. Huko ni kipupwe, na hawa wa Magdalena wako baharini kaskazini, hurudi kutaga kuanzia Septemba na Oktoba. Mtalipa nauli mpaka mwisho wa dunia mkatazame mashimo. Ombeni ruhusa shuleni Desemba, wiki moja kabla ya likizo. Sisi mwalimu alikubali kwa sharti binti aandike insha ya pengwini, naye akaandika ya mama yake akitapika.