Mrejesho: silikoni ya bathtabu inayoachia ukutani

Asanteni kwa majibu kuhusu silikoni (gundi inayonyumbulika ya kuziba mishono) iliyokuwa ikiachia kati ya bathtabu na ukuta kila baada ya miezi michache. Kosa halikuwa la silikoni. Bathtabu ya akriliki (aina ya plastiki) hushuka kidogo ikijaa maji, hivyo mshono uliopakwa ikiwa tupu huvutwa mpaka unachanika. Kwangua ya zamani yote, maana mpya haishiki juu ya kuukuu. Futa kwa spiriti, pakauke kabisa. Jaza maji hadi karibu na tundu la juu la kutolea maji yanayozidi, ndipo upake silikoni ya bafuni isiyoota kuvu. Maji yakae humo saa 24.

Kagueni na miguu ya bathtabu! Mmoja ulikuwa unaning'inia, karatasi inapita chini yake. Umezungushwa hadi ukagusa sakafu, nati ikakazwa.