Antennaria za aina mbili uani kwangu, nazitofautishaje?

Binti wa Marangu (Columbus, Ohio)
Habari zenu. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna mwaloni mkubwa, na chini yake, pale nyasi zinapokataa kuota, kumetanda vimea vyenye majani ya kijani na vichwa vya maua laini kama kiganja cha paka. Vilinishika moyo mara ya kwanza kuviona, maana vinafanana na maua makavu ya kule juu Kilimanjaro, na kumbe kweli ni jamaa moja. Kando ya njia ya gari, juani, kuna vingine vyenye majani madogo ya kijivu. Vyote ni *Antennaria*, ila spishi zake ni nyingi: vya mwaloni nimeviita *plantaginifolia*, vya njiani *neglecta*. Jirani anasema vya mwaloni ni *parlinii*. Nataka kugawa miche, na sitaki kumpa mtu jina la uongo.

Mzee wa Mbegu
Hujambo binti. Anza na majani ya chini, yale yanayolala ardhini. Hesabu mishipa mikuu. Ukiona mmoja tu, ni *neglecta* au *howellii*. Mitatu hadi mitano, ni *plantaginifolia*, *parlinii* au *solitaria*. *Solitaria* ina kichwa kimoja tu kwa kila shina, haikusumbui.

Kisha shika jani changa, la majira ya kuchipua. La *plantaginifolia* huwa na malaika (vinyweleo laini) ya kijivu upande wa juu, lakini yananyonyoka jani likizeeka. Ndiyo maana anayetazama Julai hukosea. Likitoka kijani tupu tangu udogoni, hiyo ni *parlinii*. Tabu ni kwamba *parlinii* nyingine, iitwayo *fallax*, nayo ina malaika. Hapo chukua rula, upime kikombe cha ua la kike, yaani vijani vinavyokizunguka kichwa cha maua: cha *plantaginifolia* hakizidi milimita 7 hivi, cha *parlinii* huwa kirefu zaidi.

Mama Rehema, Pittsburgh
Mdogo wangu, ukikuta majani yameshonwa kwa nyuzi na ndani kuna kiwavi mwenye miiba, tafadhali usimuue. Ni mtoto wa kipepeo *Vanessa virginiensis*. Mwaka jana walinimalizia majani yote, nikalia, lakini kabla ya baridi yalikuwa yamechipua tena.

Binti wa Marangu
Shikamoo Mzee, na asante dada. Nimepiga magoti asubuhi hii. Mwaloni: mishipa 3, majani machanga kijani tupu, kikombe milimita 9. Jirani alisema kweli, nimeshamwambia. Njiani: mshipa mmoja. Jambo moja linanitatiza: msimu wa tatu huu, chini ya mwaloni sijaona hata ua moja la kiume, na mbegu zinaota!

Mzee wa Mbegu
Marahaba. Usihangaike kutafuta dume. *Parlinii* asili yake ni mseto wa spishi kadhaa, na majike yake mengi (mimea yenye maua ya kike tu) huzaa mbegu bila chavua. Kila mche ni nakala ya mama yake. Kwa vya njiani, tazama majani ya juu ya shina: *neglecta* ina ncha kavu bapa, kama vibendera, kwenye mengi ya majani hayo, *howellii* kwenye machache ya juu kabisa. Nitumie picha ya shina zima.