Ripoti za taasisi huru za utafiti: zifundishwe vyuoni Uganda au la?

Mtoa mada: Wakuu, nafundisha sera za uchumi chuo kimoja hapa Kampala (jina kapuni). Juzi mada ilikuwa kodi, na kitabu kimejaa mifano ya Marekani. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ile ya pesa za simu je?" Darasa lililokuwa linasinzia likaamka. Julai 2018 serikali ilitoza asilimia 1 ya kila muamala wa simu. Watu wakalia, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa hadi 0.5, tena kwenye kutoa tu. EPRC, kituo cha utafiti wa sera za uchumi, kipo Makerere tangu 1993. ACODE, taasisi huru ya utafiti wa sera hapa Kampala, ilianza kuwapa alama madiwani wa wilaya mwaka 2009. Mwanafunzi anamalizaje miaka 3 bila kufungua ripoti hata moja ya hapa nyumbani? Ziingie kwenye mtaala, na mtihani utoke humo.

Mchangiaji 1: Huru kwa nani, mkuu? Mkono mtupu haulambwi. Januari 2021 Rais Museveni alipousimamisha DGF, mfuko wa kufadhili mashirika ya utawala bora uliojazwa na nchi za Ulaya, mashirika yaliyoutegemea yaliyumba. Profesa Mahmood Mamdani alipokuwa mkurugenzi wa MISR, taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, alilisema wazi: kazi ya ushauri ni kumtafutia mteja majibu ya swali lake mwenyewe. Chuo kazi yake kuunda swali. Wewe unataka kuwapa vijana maswali ya watu.

Mchangiaji 2: Mimi mwanafunzi, Gulu. Tuliwahi kupewa muhtasari wa kurasa 4, fotokopi ya fotokopi, jedwali limegeuka doa jeusi. Tukaambiwa tukariri mapendekezo. Mwalimu, hapo tofauti na kitabu cha Marekani ni nini?

Mtoa mada: Hapo umenikamata, kijana. La mtihani nalifuta. Na wewe ndugu wa kwanza, nitaanzia ukurasa wa shukrani, ule ambao wote tunauruka: nani kalipa, kahojiwa nani, wilaya zipi zimeachwa. Ila kuziacha kabisa sikubali, maana hata kitabu cha Marekani kina mlipaji wake, ni vile tu hatumjui. Wiki ijayo tunakwenda kwa wakala wa pesa pale getini. Akiridhia, tutalinganisha daftari lake la 2018, kama bado analo, na jedwali la ripoti.

Mchangiaji 1: Sawa. Na wakala mumlipe muda wake, msije mkawa nyinyi ndio wafadhili wabahili.