DARK: Mnalalamikia kisicho na kosa, kosa lenyewe mnalipigia makofi

Wakuu nimevumilia nimeshindwa. Jana usiku tumebishana mpaka saa saba kuhusu Dark, ile tamthilia ya Wajerumani ya watu wa mji wa Winden wanaosafiri kwenye muda, nimelala na hasira na nimeamka nayo, kwa hiyo naandika hapa kwa kirefu nisije kurudia kwa mmoja mmoja. Ambaye hajaimaliza aishie hapahapa maana nitataja mwisho na kila kitu.

Kuna makundi mawili yananiumiza kichwa. La kwanza ni la wanaosema Dark ni ovyo kwa sababu "Adam hakumbuki", yaani yule mzee ambaye kumbe ni Jonas, mhusika mkuu, aliyezeeka. La pili ni la wanaosema mwisho wake hauna doa hata moja. Wote mmekosea na mmekosea mahali palepale, kwenye kumbukumbu.

Niseme kwanza mimi hii kitu sikuiangalia huku napika. Msimu wa tatu ulitoka 27 Juni 2020, siku ileile ambayo ndani ya hadithi mji wa Winden unaangamia, na ilikuwa Jumamosi, shule zinafunguliwa Jumatatu yake tarehe 29 baada ya ile likizo ya korona, na mimi ni mwalimu, nafundisha hesabu za biashara, kwa hiyo nilikuwa na wikiendi moja tu. Nilirudia episodi zote 18 za misimu miwili ya mwanzo halafu ndiyo nikaingia kwenye zile 8 za mwisho, pembeni nina kaunta buku na kalamu mbili, nyekundu kwa anayerudi nyuma na bluu kwa anayekwenda mbele. Nakumbuka ule ukurasa wa Charlotte. Nilichora mshale kutoka kwa Charlotte kwenda kwa binti yake Elisabeth, halafu ikabidi nichore mwingine kutoka kwa Elisabeth kurudi kwa Charlotte maana Elisabeth ndiye aliyemzaa Charlotte, nikabaki nautazama ule mduara mpaka chai ikapoa. Yaani mama ni mtoto wa mtoto wake. Na bado hesabu ilikubali! Hilo ndilo lililonifanya niipende hii tamthilia kuliko zote nilizowahi kuangalia, ukiifuatilia kwa kalamu inakubali.

Sasa hili la Adam.

Mnasema hivi: Adam ni Jonas aliyezeeka, Jonas alipelekwa kwenye dunia ya pili, pacha wa hii yake, na yule Martha wa huko, si Martha mpenzi wake, akazaa naye, akauawa kulekule kwa risasi, sasa mtu aliyeuawa kijana anazeekaje akawa Adam, na kama ni yeye mbona hakumbuki lolote la ile dunia. Mnalileta kama mmemkamata mwizi. Hivi episodi ya saba ya msimu wa tatu mliiangalia au mliiruka? Ile siku ya maangamizi muda unasimama kidogo, na katika ule upenyo jambo moja linatokea mara mbili kwa namna mbili. Namna ya kwanza Martha wa dunia ya pili anafika, anamkuta Jonas amepiga magoti kwa yule Martha wake aliyepigwa risasi na Adam, anamchukua wanaondoka. Namna ya pili Bartosz anamzuia Martha njiani, hafiki, Jonas anabaki Winden peke yake, ananusurika, anakua, anakuwa yule Mgeni mwenye ndevu, anazeeka anakuwa Adam. Wote wawili ni Jonas. Huyu aliyeondoka akafa huko. Huyu aliyebaki hakuwahi kukanyaga huko katika ule umri, sasa akumbuke nini? Ya dunia ya pili aliyajua kwa kuambiwa na kwa kutafuta. Hapa hakuna tobo, tena ni sehemu iliyoshonwa vizuri kuliko nyingi, na mtu anayeiita tobo anawaharibia ambao hawajaiangalia.

Na ndiyo maana nasema kumbukumbu ndiyo uti wa mgongo wa Dark. Wengi wanashika mashine, pango la kuvukia muda na ile miaka 33 ya kuruka, 1953, 1986, 2019, wanadhani sheria iko hapo. Sheria iko kwenye nani anajua nini na amelijuaje. Mimi nimeifuatilia kwa kalamu na naisema kwa maneno yangu: katika Dark habari husafiri kwa miguu, kwa karatasi au kwa mdomo. Basi. Hakuna njia ya nne.

Chukua Helge. Yule mzee wa 2019 ana kovu pembeni ya uso tangu tunamwona mara ya kwanza, hatujui limetoka wapi, na baadaye tunamwona Ulrich, baba mwenye mtoto aliyepotea, amerudi mpaka mwaka 1953 akimponda na jiwe Helge akiwa bado mtoto, akidhani akimuua yeye mambo yote ya watoto kupotea yataisha. Kovu tumeliona kabla ya jiwe, lakini mwili wa Helge umeishi miaka yote ile ukiwa nalo, umetembea nalo, hakuna ulaghai. Mgeni naye vilevile, alama ya kamba ipo shingoni mwake msimu wa kwanza, kamba yenyewe tunaiona msimu wa pili Jonas alipofika kule mbele, miaka ijayo, kwenye magofu wakamning'iniza. Mwili ndio leja. Kilichoandikwa kinabaki, ambacho hakijaandikwa hakipo.

Halafu Michael, baba yake Jonas, ambaye kumbe ni Mikkel, mtoto wa 2019 aliyepotelea 1986 akakulia huko, jamani. Episodi ya sita ya msimu wa pili, mimi ndiyo naiweka juu ya zote. Jonas anarudi mpaka Juni 2019, siku moja kabla baba yake hajajinyonga, amekwenda kumzuia, anamwomba kama mtoto anavyomwomba baba. Anagundua baba hata wazo hilo hakuwa nalo. Ni yeye Jonas ndiye anamtajia ile barua ya kuaga. Na baba anamwambia kitu kingine kinachomwacha ameduwaa, kwamba ule usiku wa Novemba alipokuwa bado Mikkel mdogo ni Jonas aliyemshika mkono akamwingiza pangoni. Jonas hana habari, hajalifanya bado! Baba anakumbuka ambalo mwanawe hajalitenda, na inawezekana kabisa kwa sababu baba alipita mle kwa miguu yake, akakulia 1986 na kichwa chake kilekile. Nilisimamisha hapo nikatoka nje kupunga upepo. Sijawahi kuona tamthilia inamheshimu mtazamaji kiasi kile.

Hata Claudia, msafiri mwingine wa muda, ambaye watu wanauliza alijuaje njia ya kuukata ule mzunguko, sawa, ni swali la haki, lakini Claudia anasoma, anadanganya, anaua mwenzake wa dunia ya pili ili ajifanye ni yeye, halafu anakwenda kumweleza Adam kwa mdomo wake wamekaa ana kwa ana. Mdomo huo. Sheria imeshikwa.

Sasa njooni kwenye ile meza ya chakula ya mwisho wa tamthilia.

Kabla ya meza kuna kile kinacholeta machozi. Jonas na Martha wanavuka kwenda kwenye ile dunia ya asili iliyozizaa hizi mbili, mwaka 1971, usiku wa mvua, wanaisimamisha gari ya mtoto wa fundi saa Tannhaus kabla haijafika darajani kwenye ajali, yule kijana na mkewe na mtoto wao mchanga wanageuza wanarudi nyumbani, Tannhaus hatafiwa, hatajenga mashine, dunia mbili za huzuni hazitazaliwa kamwe. Na wao wawili wanajua maana yake. Kufa mtu anaacha kaburi, anaacha nguo, anaacha watu wanaosema alikuwa hivi alikuwa vile. Hawa wanafutika kana kwamba hawakuwahi kuwepo, na hakuna atakayejua walijitoa, hata hao waliokolewa kwenye gari wanabaki kudhani wamekutana na malaika. Wanasimama wanaangaliana, wanageuka vumbi la mwanga wanapotea. Hiyo ndiyo bei waliyolipa. Kutokumbukwa. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Dakika chache baadaye tuko kwenye chakula cha jioni. Regina mzima, Katharina, Peter, Benni, Wöller, na Hannah mjamzito. Umeme unacheza, nje radi. Hannah anakodolea macho lile koti la mvua la njano, kama lile alilokuwa akivaa Jonas, anasema amepatwa na ile hali ya kuona kitu kama ulishakiona, na kwamba ameota giza, dunia imekwisha, na alihisi nafuu. Wanamuuliza mtoto atamwita nani. Anasema Jonas ni jina zuri.

Na ninyi mkapiga makofi.

Amelitoa wapi? Nipigieni hesabu taratibu. Jonas ni mtoto wa Hannah na Michael. Michael ni Mikkel. Mikkel ni mtoto wa Ulrich, na ukoo wote ule wa Ulrich umetoka kwenye lile fundo la dunia mbili ambalo limeshafunguliwa, ndiyo maana pale mezani Ulrich hayupo, Charlotte hayupo, Elisabeth hayupo, Magnus hayupo. Hannah wa pale hajawahi kumzaa Jonas, hajawahi kumvalisha lile koti, hajapita pangoni, hajasoma karatasi, hakuna aliyemwambia. Miguu hakuna, karatasi hakuna, mdomo hakuna. Mimi darasani mtoto akiniletea krediti isiyo na debiti namrudishia daftari, hata kama mwandiko wake unapendeza namna gani. Hii ndiyo krediti isiyo na debiti.

Najua mtakachosema maana jana nimekisikia mara kumi. Eti msimu wa tatu wenyewe unaanza na episodi inayoitwa Deja-vu, kwa hiyo walishatuandaa. Sikatai jina. Lakini dunia ya Adam na dunia ya Eva, yaani Martha wa dunia ya pili aliyezeeka, ziko pamoja, zinalishana, watu wanavuka huku na huku kila siku, kama hisia inachungulia kutoka moja kwenda nyingine angalau ina mahali pa kutokea. Ile dunia ya mezani inachungulia wapi? Kwenye kitu ambacho waandishi wenyewe wametuambia hakijawahi kuwepo. Ama kimefutika, ama hakijafutika. Kama kimebaki kidogo kwenye ndoto ya Hannah, basi Jonas na Martha hawakufutika, basi na Charlotte yupo kidogo mahali fulani, na Mikkel yupo kidogo, na fundo halijafunguka lote. Chagueni moja tubishane.

Wengine wanasema "ni hisia tu, usiweke hesabu". Hapo ndipo ninapokereka zaidi, kwa sababu kwangu kinachovunjika pale ni hisia kwanza na hesabu baadaye. Mdogo wangu wa mwisho amepewa jina la mjomba wetu aliyezama na jahazi huko Kilwa kabla mimi sijazaliwa. Sikumwona mjomba. Lakini mama alimwona, amecheza naye, kofia yake mpaka leo iko kwenye sanduku imefungwa kwenye kanga, na siku ya kumpa mtoto jina mama alishindwa kulitamka mara ya kwanza, akanyamaza, akaanza tena. Jina lina uzito kwa sababu kuna mtu analibeba kutoka kwa aliyeondoka mpaka kwa aliyekuja. Jonas alikubali asiwe na wa kumbeba. Alikubali kwa macho makavu! Halafu Baran bo Odar na Jantje Friese, walioibuni Dark, ambao nawaheshimu kuliko watunzi wote wa tamthilia wa wakati huu, wakamtafutia mbebaji kwa mlango wa nyuma ili sisi watazamaji tusiondoke na uchungu. Wamelipa bei kubwa kuliko zote halafu wameturudishia chenji mezani.

Ingeishia pale kwenye vumbi la mwanga. Au wangetuonesha ile meza, watu wanakula wanacheka, koti la njano limetundikwa na hakuna anayeliangalia, Hannah anaulizwa jina la mtoto anasema bado hajafikiria. Sisi peke yetu tunaojua ndio tungebaki na lile jina kooni. Sisi tungekuwa mashahidi wao, episodi 26 tumetembea nao. Mimi nimeliwaza hilo miaka yote hii na kila nikirudia mwisho nazima pale walipopotea, sifiki mezani.

Kwa hiyo wa Adam, nendeni mkarudie episodi ya saba, hoja yenu imekufa. Na wa Hannah, sitaki tena kuambiwa sijaelewa. Nitajieni sehemu moja tu kabla ya ile meza ambapo mtu yeyote wa Dark amejua jambo la dunia nyingine bila kwenda, bila kusoma, bila kuambiwa. Msimu wa ngapi, episodi ya ngapi, nani. Kaunta buku ninayo hapa mezani, nitafungua ukurasa wake nijibu.